Aliyeshika Kichwa

Jumapili ya tangazo la kwanza nilikaa benchi la nne upande wa wanaume, nyuma ya mgongo wa Evaristo. Ni mgongo huo nilioutazama asubuhi ile kuliko altare. Ulikuwa mpana, umevaa shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, na mkunjo wa katikati ulikuwa umenyooka kama umepimwa kwa uzi. Padri Viktor alipomaliza mahubiri alikunjua karatasi, akasoma kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Wanataka kufunga ndoa takatifu Evaristo, mwana wa Teofili, wa Lipangalala, na Natalia, binti Raimundi, wa Kibaoni. Hili ni tangazo la kwanza. Mtu yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii, dhamiri yake inamlazimu aje kusema."

Upande wa wanawake shangazi mmoja alijisahau akaanza kigelegele, akakimeza katikati. Watu wakacheka chini chini. Mimi niliona masikio ya Evaristo yakipanda, maana alipocheka masikio yake yalipanda. Nikayachukia yale masikio.

Hiyo ilikuwa Ifakara, mwisho wa Januari, mwaka 1955. Ndoa ilipangwa kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa kuwa katika Kwaresima hapakuwa na harusi. Mimi, Marselino, nilikuwa na miaka ishirini na minne, na Evaristo vivyo hivyo. Tulizaliwa msimu mmoja wa kupanda mpunga, mama zetu wakiwa majirani. Tulianza katekisimu siku moja, tukapokea Kipaimara siku moja. Baada ya hapo yeye akaanza kunitangulia. Alitangulia kuota ndevu. Alitangulia kusimama wima mtumbwini na pondo bila kuyumba. Alitangulia kulima shamba lake mwenyewe. Katika kila jambo ambalo watu hulitazama ili waseme huyu sasa ni mwanamume, nilifika nikakuta ameshafika, anapangusa jasho.

Jambo moja tu nilimshinda, nalo ni kichwa. Katekisimu niliijua toka jalada hadi jalada. Mwalimu Wendelin, mwalimu wetu wa dini, alipofungua masomo ya jioni kwa vijana waliopitwa na umri wa shule, mimi nilikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kuondoka. Evaristo alikuja mara mbili. Mara ya tatu alilala juu ya meza, akaamshwa, akasema, "Mwalimu, nimelima tangu alfajiri, herufi zinaniogelea." Hakurudi tena.

Padri Viktor alikuwa na desturi yake kuhusu vijana. Hakumtangaza mtu kabla hajaiona nyumba yake. Katika mkutano wa vijana alituambia kila mwezi maneno yale yale: "Ndevu hata beberu anazo. Mwanamume ni paa, ni shamba, ni sala. Mke si tuzo ya kukua. Na watoto si wa kuhesabiana kilabuni kwenye pombe; Mungu anakuwekea mikononi, halafu anatazama mikono yako." Basi kijana akitaka kuoa, Padri alikuja na fimbo yake ya mpingo, akagonga nguzo za nyumba moja moja, huku ametega sikio kama daktari anayegonga kifua.

Siku aliyokwenda Lipangalala kuiona nyumba ya Evaristo nilikuwepo. Nguzo zote ziliitika vizuri. Kisha Padri akaukuta mlango. Sisi wengine milango yetu ilikuwa ya matete yaliyofungwa kwa kamba. Ule ulikuwa wa mbao, una bawaba za chuma. Padri akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. "Hii," alisema, "ni nyumba ya mtu anayejua anamngoja nani."

Na mimi nilikuwa najenga. Hilo ndilo lililonichoma. Nyuma ya nyumba ya mama yangu, Balbina, pale Kibaoni, nilikuwa na nyumba yangu mwaka wa pili sasa, na nilikuwa namjengea Natalia. Hakuna aliyejua, hata Natalia mwenyewe. Nilitaka nimalize paa kwanza, ndipo nimtume mshenga kwa Raimundi nikiwa na kitu cha kuonyesha. Nilikuwa nimeichora kwenye karatasi ya miraba: vyumba vinne, baraza mbele, madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Evaristo alijenga vyumba viwili kwa wiki saba. Mimi nilipokuwa napima, mchwa nao walikuwa wanapima.

Baada ya tangazo la pili nilimkuta Natalia kisimani na wasichana wawili. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, na meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya ambao hata sasa nikifumba macho nauona.

"Kaka Marselino!" aliita. "Mbona siku hizi unapita kama tarishi wa bomani, hata salamu hutoi?"

"Nimeona una shughuli."

"Shughuli gani? Kwani mchumba wa mtu hachoti maji?" Wenzake wakacheka. "Utatuimbia siku ya ndoa? Evaristo anasema kwaya bila sauti yako ni vyura."

"Tutaona."

"Haya, tuamulie ubishi. Ile nyumba yako ya vyumba vinne unamjengea nani? Huyu anasema unamjengea Malkia wa Uingereza akija kuwinda viboko. Mimi nimesema hapana, unawajengea mchwa, maana ndio waliokwisha kuhamia."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Hakuwa na ubaya. Hakujua. Angejua, nadhani asingesema. Lakini nilipofika nyumbani sikuingia ndani. Nilisimama mbele ya nguzo zangu zilizoliwa, nikakumbuka kitu.

Mwalimu Wendelin alikuwa ametupa sisi wanafunzi wa jioni orodha ya vizuizi vya ndoa tuinakili, kwa sababu alitarajia baadhi yetu tuwe walimu wa dini. Wengi waliona uvivu. Mimi niliinakili yote. Na katika orodha ile palikuwa na kizuizi kiitwacho undugu wa kiroho: mtu aliyembatiza mwenzake amekuwa kama mzazi wake mbele ya Mungu, hawezi kumwoa.

Evaristo alimbatiza Natalia. Nilikuwepo.

Ilikuwa siku nne kabla ya Noeli ya mwaka 1944, sisi tukiwa wavulana wa miaka kumi na mitatu. Tulivuka mto kupeleka mbegu ya mpunga kwa mjomba wake Evaristo. Njiani, katika dungu moja, kibanda cha juu ya miti ambamo watu hukaa kulinda mashamba, tulisikia mwanamke analia. Alikuwa Serafina, mke wa Raimundi. Wakati ule nyumba yao haikuwa ya Kikristo bado. Binti yao wa miaka minane alikuwa amelala juu ya mkeka, anawaka homa, macho yamegeuka.

"Nyie watoto wa misheni," alisema, "mna dawa?"

"Hatuna, mama," nilisema. "Lakini akitaka, tunaweza kumbatiza, asife bila Mungu." Ni mimi niliyesema hivyo, maana ni mimi niliyejua. Tulifundishwa kwamba kwenye hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza.

Nikamwuliza mtoto kama anataka kuwa mtoto wa Mungu. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamchagulia jina la Natalia kwa ajili ya Noeli iliyokuwa karibu. Nikachota maji kwa kata. Na hapo, mimi niliyeyajua yale maneno kama jina langu, ulimi ukanigandia. "Ninaku..." nilisema. "Ninaku..." Mtoto akakoroma. Evaristo akaninyang'anya kata. "Lete!" Serafina akaniambia, "Basi wewe mshike, uwe mzazi wake kwa huyo Mungu wenu, mimi mikono inatetemeka." Nikamshika kichwa. Evaristo akamwaga maji, akayasema maneno yote bila kukosea hata moja. Aliyajua kwa kunisikia mimi nikiyakariri.

Yule mtoto akapona. Mwaka uliofuata nyumba nzima ikaingia dini, wakahamia Kibaoni. Evaristo hakujisifu kamwe kwa siku ile; nadhani aliihesabu kama kumtoa mbuzi shimoni. Mimi ndiye niliyeibeba miaka yote ile. Na sasa, nikiwa nimesimama mbele ya nguzo zangu, nilijiambia: dhamiri inalazimu. Padri mwenyewe amesema kanisani. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana, zaidi ya mtu mwenye dhamiri safi anavyohitaji kujiambia.

Jumamosi kabla ya tangazo la tatu nilikwenda misheni. Padri Viktor alikuwa amepiga magoti uani, amegeuza baiskeli yake magurudumu juu, anatafuta tundu la mpira katika beseni la maji.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Marselino! Shika hapa." Nikamshikia mpira. "Una shida?"

"Sina shida, Padri. Nina neno juu ya tangazo."

Akaacha mpira. Nikamweleza. Niliongea vizuri, kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nimejipanga njiani: siku, mahali, hali ya mtoto, kizuizi kinavyoitwa. Padri alinisikiliza kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu kikubwa cha ubatizo. Akafunua, akasoma mstari kwa kidole kilichotota.

"Padri aliyenitangulia ameandika: alibatizwa shambani, katika hatari, na vijana wawili wa misheni. Majina hakuandika. Nimejiuliza siku zote ni nani." Akanitazama. "Lazima nijue ubatizo ulikuwa halali. Nionyeshe jinsi ilivyokuwa."

"Nionyeshe vipi, Padri?"

"Maji haya hapa. Onyesha."

Basi nikapiga magoti mbele ya beseni. Nilitaka kuwa shahidi mzuri. "Mtoto alilala hivi. Mama yake alikaa pale. Evaristo alisimama huku, kata mkono wa kulia, akamwaga mara tatu, hivi, hivi, hivi. Maji yalipita juu ya ngozi, niliyaona."

"Na kichwa? Kilikuwa mkekani?"

"Hapana, kilikuwa kimeinuliwa." Na mkono wangu wa kushoto, bila mimi kuutuma, ukawa umekunjika hewani kama bakuli. Nikamwona Padri anavyoutazama. Nami nikautazama.

"Nani alishika kichwa, Marselino?"

"Mimi, Padri."

"Nani alimpa jina?"

"Mimi."

"Kuna mtu aliyekuambia umshike?"

"Mama yake. Alisema niwe mzazi wake."

Padri Viktor akachukua mpira wake, akaubana, mapovu madogo yakatoka majini. "Tundu lenyewe hili," alisema. Kisha, bila kuinua macho: "Basi wewe ni baba yake wa ubatizo. Kizuizi ni chako sawa na chake. Ulijua?"

Nilirudi nyumbani karibu mbio, nikafungua daftari langu. Chini ya mstari ule ambao nilikuwa nimeukumbuka vizuri sana palikuwa na mstari mwingine: *Vivyo hivyo aliyemsimamia mbatizwa.* Ulikuwa kwa mwandiko wangu, mzuri, umepigiwa mstari kwa rula.

Jumapili tangazo la tatu halikusomwa. Padri aliruka kutoka mahubiri hadi Nasadiki, na kanisa zima likavuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Raimundi alitoka nje kabla ya Misa kwisha. Hata mimi sikuimba.

Evaristo hakunitafuta siku ile. Alikuja kesho yake mchana, akanikuta nyuma ya nyumba ya mama. Hakuja na ngumi, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa ngumi.

"Tulikuwa watatu kule dunguni wenye akili timamu," alisema. "Mama Serafina hajaenda misheni. Mimi sijaenda. Nisaidie hesabu, wewe msomi."

"Ni sheria, Evaristo."

"Sheria ninaiheshimu. Ningeambiwa na wewe kabla sijajenga ningeiheshimu zaidi. Miezi yote hii tumekula pamoja, hukuijua?"

"Niliikumbuka juzi."

"Juzi." Akatazama nguzo zangu, moja hadi nyingine, akaenda akaigonga ile ya kona kwa kidole, kama Padri. Unga wa mchwa ukamwagika. Kisha akatazama mahali nilipoacha nafasi ya madirisha yanayotazamana, akatazama upande wa nyumba ya kina Natalia, na uso wake ukabadilika. "Ndugu yangu," alisema taratibu, "ulikuwa unamjengea yeye."

Kama angenipiga ningemshukuru. Nilimwambia aondoke. Akaondoka, na aliponipa mgongo wake mpana niliona wivu wangu wote wa miaka kumi unatembea mbele yangu kwa miguu miwili.

Jumatano Padri akatuita ofisini watatu: Evaristo, Natalia na mimi. Alitueleza kwamba kizuizi hiki si ukuta, ni mlango uliofungwa, na ufunguo anao Askofu, Dar es Salaam. Anaweza kuombwa ruhusa. Kwaresima itapita, barua itarudi, mambo yataendelea. Natalia, ambaye alikuwa amevimba macho kwa kulia, akainua kichwa. Nami nikainua changu. Maana nilisikia neno moja tu: anaweza kuombwa.

"Padri," nilisema, "kama ruhusa inatolewa, basi na mimi niombee."

Evaristo alitazama sakafu. Padri Viktor akavua miwani.

"Wanaume wawili, binti mmoja, barua moja? Askofu atasema malaria ya Ifakara imenipanda kichwani." Lakini hakucheka. Akamgeukia Natalia. "Kanisa halimwozi mtu kwa nguvu. Umesikia alichosema Marselino. Jina gani niandike?"

Natalia alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama. Nilidhani atanicheka, au atanitukana. Hakufanya hivyo.

"Kaka, ungekuja nyumbani mwaka jana," alisema, "ungekuja hata na kuku mmoja na maneno mawili, baba angekusikiliza. Hata mimi ningekusikiliza. Siwezi kusema uongo mbele ya Padri. Hukuja. Umekuja leo, na umepitia kwa Padri kwanza kunivunjia ndoa." Akafuta pua kwa kanga. "Andika Evaristo."

Padri akaandika. Nilisikia kalamu inavyokwaruza. Alipomaliza akaifunga barua katika bahasha, akaifunga tena katika kipande cha turubai, kisha akanikabidhi mimi.

"Lori haliji," alisema. "Mvua zimewahi, mto Lumemo umekula barabara. Lazima mtu aipeleke kwa miguu hadi Kidatu, liko lori linalokwenda Kilosa kwenye treni. Baba wa ubatizo ana wajibu kwa ndoa ya mtoto wake. Evaristo atakuvusha."

Kesho yake alfajiri tukawa ndani ya mtumbwi mmoja, Evaristo amesimama na pondo, mimi nimekaa mbele, barua imefungwa tumboni chini ya shati. Mahali palipokuwa barabara palikuwa maji mekundu yanayokimbia na magogo. Tulipofika katikati mkondo ulitupiga ubavu.

"Shika vizuri hiyo barua," alisema. "Si ndiyo kazi yako? Mimi namwaga, wewe unashika."

"Tazama mbele, utatuzamisha."

"Nikizama wewe utaimba kwenye mazishi, sauti unayo." Akasukuma pondo kwa nguvu, akageuka kutazama gogo linalokuja nyuma yetu. Mgongo wake ukawa kwangu.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Mkono wangu uliingia ndani ya shati. Turubai lile lilikuwa na joto la mwili wangu. Nilihitaji kulivuta tu na kulegeza vidole, nusu dakika, na mto ungefanya mengine. Nani angejua? Barua hupotea. Kisha ningekaa ningoje. Lakini ningoje nini? Hapo ndipo hesabu ilipogoma. Barua ile ingepotea, Natalia asingekuwa wangu. Asingekuwa wa mtu. Na mkono ule ulioshika turubai ulikuwa wa kushoto, ule ule. Nilikumbuka uzito wa kichwa chake, jinsi nywele zilivyolowa jasho, na jinsi nilivyomwomba Mungu, mvulana wa miaka kumi na mitatu, asife, asife tu, sitaomba kitu kingine. Nilikuwa nimeomba vingine vingi tangu hapo.

Nikautoa mkono mtupu.

Evaristo alikuwa amegeuka ananitazama. Sijui alitazama tangu lini. "Ningekuwa wewe," alisema, "ningeitupa."

"Ndiyo maana huwezi kuwa mimi," nilijibu, na hilo lilikuwa neno langu pekee la ushindi mwaka ule.

Nilitembea siku tatu hadi Kidatu, nikavimba miguu, nikaikabidhi barua mkononi mwa dereva, nikasimama mpaka lori likapotea.

Jibu lilikuja baada ya Pasaka. Tangazo la tatu likasomwa, na shangazi yule safari hii alikimaliza kigelegele chake. Walifunga ndoa mwezi wa Juni, mpunga umeshavunwa. Niliimba. Watu walisema sijawahi kuimba vile, nami najua kwa nini: mtu akiwa na wivu sauti hutoka chini sana.

Walipotoka kanisani watu walijipanga mlangoni kuwapa mkono. Zamu yangu ilipofika Natalia alisimama. Mimi nilikuwa nimemzidi miaka mitano tu. Akapiga goti na gauni lake jeupe pale pale kwenye vumbi, mbele ya watu wote.

"Shikamoo, baba."

Watu wakaangua kicheko, wakadhani ni utani wa harusi. Nilimtazama nione kama ananilipizia. Labda alikuwa ananilipizia. Labda alikuwa ananisamehe. Kwa Natalia mambo hayo mawili yalikaa nyumba moja. Evaristo alikuwa kando yake, masikio juu.

"Marahaba," nilisema, na kilichobaki kikanikwama kooni kama siku ile ya kata. Yeye hakuinuka. Alingoja. Mpaka nikasema, "Marahaba, mwanangu."

Mtoto wao wa kwanza alipoanza kusema aliniita babu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sina mke, natia nguzo mpya za mkangazi na Padri ndiye aliyekuja kuzigonga. Baadaye nilimwoa Tekla, mwanamke mwema, na Mungu akatuwekea mikononi watoto sita. Evaristo aliwekewa wanane. Padri Viktor alisema watoto si wa kuhesabiana. Mimi niliwahesabu kila Jumapili walipoingia kanisani wamefuatana kwa urefu.

Sasa Tekla ametangulia, na Evaristo naye ametangulia, kwa desturi yake. Miaka ya themanini padri mmoja kijana aliniambia kwamba kizuizi cha undugu wa kiroho kimefutwa katika sheria mpya ya Kanisa. Siku hizi aliyebatiza, aliyesimamia, wote huru. Alidhani ananipa habari ndogo ya kielimu, kwa kuwa anajua napenda kujua. Nilimshukuru. Nilikwenda nyumbani, nikalitoa daftari langu, nikausoma ule mstari wa pili, nikalirudisha sandukuni.

Natalia ni mjane, anakaa Lipangalala, ndani ya mlango ule ule wenye bawaba. Baada ya Misa hunipitia anapokwenda zake, amejitegemeza fimbo, mwanya wake sasa umekuwa pengo. Hupiga goti kidogo, kadiri mifupa inavyomruhusu.

"Shikamoo, baba."

Nami namjibu yote, bila kupunguza hata neno.